Mgomba Tuliouzika

Mwanamke aliyevaa buibui alisimama langoni mwetu Navakholo Jumanne moja asubuhi, akapiga hodi mara tatu na kungoja. Mimi na Kukhu, yaani nyanya yangu Navalayo, tulikuwa tumeketi juu ya turubai tukipukuchua mahindi. Kukhu aliinua macho, akaona buibui, akadhani shida ya mgeni ni ndogo.

"Umepotea, mama," akamwambia. "Waislamu wako Mumias. Rudi barabarani ushike boda boda."

"Sijapotea, bibi. Namtafuta Navalayo, dada yake Erastus Masinde."

"Navalayo ni mimi. Erastus ni yule pale."

Alinyoosha mkono uliojaa punje kuelekea nyuma ya jikoni, kwenye kaburi lenye msalaba wa saruji. Mgeni alilisogelea. Alisoma jina na miaka, 1951 hadi 1984, akarudia kusoma huku midomo ikimcheza. Kisha akatugeukia, akasema kama mtu anayeomba radhi:

"Huyu ni baba yangu. Nilimwacha Vanga juzi, anakunywa chai."

Kuku walikuja wakaanza kula mahindi yetu na hatukuwafukuza.

Kisa cha Erastus nilikijua tangu utotoni. Alikuwa mdogo wake Kukhu. Alienda pwani kufanya kazi katika kiwanda cha sukari, kwa sababu watu wa kwetu wanaijua miwa, na baadaye akaacha miwa akawa mvuvi. Mwaka wa 1984 mtu wa kijiji cha jirani alirudi na habari kwamba mashua imezama na Erastus hakuonekana tena. Katika ukoo wetu aliyepotea majini haachwi bila kaburi. Walikata mgomba, wakauviringisha shuka nyeupe, wakaulaza ndani ya jeneza, wakaulilia siku mbili, wakauzika. Kukhu ndiye aliyeuchagua, maana yeye na ndugu yake walikuwa kimo kimoja. Alisimama kando ya mgomba, akaupima kwa bega lake, akawaambia vijana wakate hapo.

Sasa alikuwa amesimama tena, akimkazia macho yule mwanamke.

"Watu hawafufukangi," alisema. "Nani amekutuma? Unataka shamba?"

"Sitaki shamba. Naitwa Mwanatumu. Baba hata hajui nimekuja, anadhani nipo Mombasa kwa shemeji yangu." Alifikiri kidogo. "Kuna kisa hutusimulia kila mvua zikianza. Mama yenu alikuwa ameweka kumbikumbi kwenye mtungi kwa ajili ya wageni. Wakaliwa. Ukachapwa wewe. Anasema aliyewala ni yeye, na hakuwahi kukwambia."

Kukhu akaketi taratibu juu ya turubai.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote hii nilijua ni yeye."

Mwanatumu alitueleza mengine huku chai ikimpoa mkononi. Baba yake alitupwa na maji upande wa Tanzania, akauguzwa huko miezi mingi. Alipopona alikutana Mombasa na mtu wa Kakamega, akaambiwa kwamba kwao wameshamzika na matanga yamekwisha. Akaogopa. Alikuwa amelelewa akijua kwamba mtu aliyezikwa akirudi kwa miguu yake mwenyewe huleta kifo nyumbani. Akaona heri akae mbali, ndugu zake waishi. Akasilimu, akaitwa Idirisi, akaoa, akazaa.

"Kwa nini umekuja leo?" nilimuuliza.

"Amezeeka. Akilala anaongea lugha yenu, na nyumba nzima hakuna wa kumjibu."

Alitoa simu ili tumpigie. Kukhu akakataa kuigusa. "Sauti tu? Hata redio ina sauti." Mwanatumu akamwonyesha picha. Kukhu aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha. "Mzee ni mzee. Wote wanafanana."

Jioni alikuja Mjomba Elkanah, mkubwa wa boma letu. Alisikiliza yote, akasema aliyezikwa amezikwa, na kulifungua jambo hili kutahitaji wazee wa ukoo na ng'ombe na maelezo ambayo hakuna mtu anayo. Afadhali marehemu apumzike.

"Apumzike wapi, Mjomba, na hajafa?" nikauliza.

"Wewe na digrii yako," akaniambia.

Digrii yangu ni ya maendeleo ya jamii. Nilikuwa na mwaka wa pili nyumbani, nikifundisha shule ndogo ya binafsi bila mkataba, na bado niliamini kwamba hakuna jambo lisilotatulika watu wakiketi na kuzungumza kwa upole. Kwa hiyo Kukhu aliposema kwamba mwezi wa nane, shule zikifungwa, nitaenda mimi Vanga kumwona huyo mtu na kumwita nyumbani, nilifurahi. Sharti lilikuwa majirani waambiwe kwamba nimeenda likizo.

Hilo lilileta mkanganyiko mwingine. Kwetu mtu hasafiri mbali ila kwa matanga au harusi. "Likizo," jirani alirudia baada yangu, akanishika mkono kwa huruma. "Pole. Ni nani amekufa?"

Usiku wa kuamkia safari Kukhu aliniita chumbani kwake. Alisema nikifika kule nisile kitu cha nyumba ile, hata maji nisinywe.

"Kukhu, unaamini kweli ana ubaya?"

"Sijui. Wewe unajua?" Alijifunga leso upya kiunoni. "Kama kuna ubaya kwenye sahani yake, uanze na mimi. Mimi ndiye nilipima mgomba. Mtu wa kwanza wa boma hili kula na Erastus ni mimi, na kama ni kufa, mimi nimeshakula chumvi yangu. Wewe hujaolewa hata. Niahidi."

Nilimwahidi haraka, kama mtu anayemridhisha mgonjwa. Sikudhani ni jambo kubwa.

*

Vanga ni mji wa wavuvi ulio mwisho kabisa wa Kenya. Ukitoka hapo hatua chache uko Tanzania. Nilifika saa nane mchana, siku ya pili ya safari, nikiwa na vumbi la Lunga Lunga masikioni. Nilichukua chumba katika nyumba ya wageni, kwa sababu nilijiambia kwamba kulala kwao ni karibu na kula kwao.

Mwanatumu alikuja kunichukua. "Kwanza nikutembeze," akasema. "Si umekuja likizo?" Alicheka, nami nikacheka, ingawa sikujua tunacheka nini.

Alinitembeza kama mtalii. Nikaona kuta za nyumba za mawe zilizobaki bila mapaa, milango ya kale iliyochongwa, msikiti ambao watu wake walizungumza nami kwa upole kuhusu masultani wa Vumba, watawala wa kale wa pwani ile, kana kwamba walizikwa mwaka jana. Ufukweni palikuwa na mnada. Changu, tasi na pweza walikuwa wamelazwa juu ya saruji yenye maji, na mnadi alitaja bei kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Mwanamke mmoja alinikonyeza, nikamwitikia kwa kichwa, na nusura nijikute nimenunua papa mzima. Nilipiga picha nyingi. Nilitaka kuupenda mji ule na niliupenda, lakini kila nikiinua simu nilikumbuka kwamba nimekuja kumwona mtu ambaye kaburi lake huwa nalipalilia kila Krismasi.

Tulimkuta kwenye baraza ya nyumba yake, anashona wavu. Alikuwa na pua ya Kukhu. Hakuna aliyeniambia kuhusu pua. Nilisimama nikasahau maneno yote niliyoyapanga ndani ya basi, hata sikujua nimwamkieje. Shikamoo ilikuwa ndogo. Nikamwambia "Mulembe, Kuka," salamu ya kwetu na jina tunalowaitia babu zetu.

"Sema kwa nguvu," Mwanatumu akaniambia. "Masikio yaliharibika kwa kupiga mbizi."

"Mulembe, Kuka," nikapaza sauti, na kichochoro kizima kikageuka.

Mzee alishusha sindano. Aliitikia kwa lugha yetu, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani. Kisha akachungulia nyuma yangu, akauliza nani mwingine amekuja. Nikamwambia ni mimi tu, mjukuu wa Navalayo. Hakuuliza ninaendeleaje. Aliuliza walimzikia wapi.

"Nyuma ya jikoni."

"Karibu na mzee wangu?"

"Mkono wake wa kushoto."

"Vizuri. Walichinja nini?"

"Fahali mmoja, wanasema. Na kondoo."

"Fahali," alirudia, akamgeukia binti yake. "Umesikia? Mimi nilichinjiwa fahali." Kisha uso wake ukabadilika. "Navalayo alilia?"

"Alipoteza sauti wiki mbili."

Alirudi kwenye wavu wake, akashona matundu mawili matatu. Halafu akasema twende tukale.

Mwanatumu alikuwa ameandaa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Harufu yake ilijaa chumba kizima. Nikasema tumbo linaniuma kwa sababu ya safari.

"Maji ya ndimu basi," Mwanatumu akasema.

Nikasema hata hayo siwezi. Mzee alinitazama, akatazama sahani, akala peke yake.

Nilipaswa kumweleza siku hiyohiyo. Sikufanya hivyo kwa sababu niliona haya. Ningesemaje, mimi ninayewafundisha watoto sayansi, kwamba siwezi kunywa maji yake kwa sababu huenda ni maiti? Na kama ningesema siamini, kwa nini basi sili? Nililala njaa na asubuhi nikaenda kibandani kula mahamri na mbaazi. Nilipokuwa nikilipa nilisikia muuzaji akimwambia mwenzake, "Huyu ndiye mgeni wa Mzee Idirisi. Analishwa na kibanda."

Siku ya pili nilikuta kichochoro kimejaa maji ya bahari. Yalikuwa yanaingia kimya, yanapita vizingiti, yanabeba ndala na maganda ya nazi. Niliinua mkoba kichwani na kupiga kelele kwamba mji umezama. Watu waliokuwa barazani walipandisha tu miguu wakaendelea na mazungumzo.

"Ni bamvua," Mwanatumu akanieleza. "Mwezi ukijaa maji hutuzuru, kisha huenda zake. Kaa hapa, inua miguu."

Nilikaa karibu na mzee, miguu juu. Nikamwambia, kwa sauti ya juu, kwamba Navalayo anamwita nyumbani. Alifuata kwa macho ndala iliyokuwa ikielea.

"Nitaingilia lango gani?" akauliza. "Lango lile lilifungwa waliponizika. Nikilipita, nani ataanza kufa? Wewe? Watoto wa Elkanah?"

"Hakuna atakayekufa, Kuka. Hayo ni mambo ya zamani."

"Eti ya zamani." Aliashiria glasi ya maji ambayo Mwanatumu aliniwekea asubuhi, na ambayo sikuwa nimeigusa. "Basi kunywa."

Sikunywa. Maji ya bahari yalipita chini yetu. Mzee alitikisa kichwa, akasema kwa lugha ya kwetu, taratibu sana, kwamba ananishukuru kwa kuja kumthibitishia.

Mchana ule sikutoka chumbani. Nilikuwa nimesafiri kumwambia mtu kwamba yu hai, na kila alipopakua chakula nilimwambia kwamba amekufa. Niliwaza kumpigia Kukhu aniachilie ahadi, nikampigia. Nilimweleza yote. Nilimwambia mzee anafanana naye pua, na kwamba nisipokula hatakuja.

"Ana pua yangu?" Kukhu akauliza, sauti ikishuka.

"Yako kabisa."

"Basi ni yeye." Nikasikia anapumua. "Usile, Nekoye."

"Kukhu, nitampoteza."

"Nilishampoteza mara moja, na cha kuzika badala yake nilikipata. Wewe nikikupoteza, nani atapima mgomba wako?"

Nilikata simu nikiwa na hasira. Sikujua nani kati yao ana akili na nani hana. Sikujua kama mimi ninayo.

*

Asubuhi ya kuondoka gari lilikuwa liondoke saa moja na nusu. Nilienda kuaga na mkoba begani. Mzee alikuwa amejitayarisha kuliko mimi: kanzu safi, mkeka umetandikwa barazani, na katikati yake sahani kubwa ya wali na changu mzima. Alikuwa amemwamsha Mwanatumu alfajiri apike. Majirani walikuwa barazani kwao, kila mmoja na shughuli yake, na hakuna aliyekuwa anaitazama shughuli yake.

"Keti," akasema. Nikaketi. "Mjini wanasema mgeni wangu anakula mahamri kama msafiri asiye na mwenyeji. Mimi nimeishi hapa miaka arobaini, sijawahi kusemwa. Leo nieleze. Unaniogopa?"

"Sikuogopi, Kuka."

"Sema kwa nguvu."

Basi nikasema kwa nguvu, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kusikika. Nilisema mbele ya kichochoro kizima kwamba nimemwahidi Navalayo. Nilisema Navalayo anataka kuwa mtu wa kwanza kula naye, kwamba kama kuna ubaya wowote kwenye sahani hii uanze na yeye, kwa sababu ndiye aliyechagua mgomba na kuupima kwa bega lake. Nilisema niliona haya kumwambia mapema. Sauti yangu ilikuwa inapasuka na nilikuwa nalia, na bado nilipaswa kupaza sauti.

Mzee aliniinamishia sikio. Mwanatumu alisimama mlangoni ameshika kitambaa.

"Navalayo mwenyewe alisema hivyo? Uanze na yeye?"

"Kwa mdomo wake."

"Mjinga yule," akasema kwa upole sana.

Kisha akanawa mkono. Akamega samaki sehemu ya tumbo, ile isiyo na miiba, akaifinyanga na wali mpaka ikawa tonge, akanyoosha mkono mpaka karibu na mdomo wangu.

"Tonge moja," akasema. "Yeye yuko mbali, haoni. Mimi ndiye maiti, nami nakuruhusu. Miaka arobaini hakuna mtu wa damu ya boma letu aliyekula mkononi mwangu. Kula hili, nami nakuapia nitakuja. Usipokula, siahidi kitu."

"Kula, mwanangu," Mwanatumu akasema nyuma yake. "Kuna nani wa kumwambia?"

Nilikuwa na njaa, na nilimpenda. Nilifikiri: nikila, anakuja, na hilo ndilo lililonileta; Kukhu atamwona ndugu yake, na nani atauliza juu ya tonge moja? Sikuamini kwamba kuna kifo ndani ya wali ule. Sikuamini, na bado mtu aliyenilea alikuwa ameniomba jambo moja dogo, nami nikasema ndiyo nikimtazama machoni. Tonge lilikuwa bado mbele ya mdomo wangu. Mchuzi ulidondoka kwenye goti langu.

"Nisamehe, Kuka," nikasema. "Nimeahidi."

Sikumbuki kama nilipaza sauti. Lakini alisikia. Mkono ulibaki pale kwa muda, halafu ukarudi, na tonge likawekwa ukingoni mwa sahani. Hakula yeye pia. Alichukua kawa akafunika.

Niliinuka nikachukua mkoba. Nilipokuwa navaa viatu aliuliza, akiangalia wavu:

"Navalayo ana meno ya kula samaki?"

"Machache, Kuka. Upande wa kulia tu."

Akatikisa kichwa. Sikujua kama nimeulizwa swali au nimeagwa. Mwanatumu alinisindikiza mpaka garini. Hakunilaumu, ila njiani hakunishika mkono kama siku nyingine. Kwenye kibanda mahamri yalikuwa yamekwisha.

Gari lilipopita mikoko simu ikalia. Alikuwa Kukhu.

"Umekula kwake?"

Harufu ya nazi ilikuwa bado kwenye sketi yangu, pale gotini.

"Sijala," nikamwambia.